Picha ya Kinyozi

Mavyaa wangu alipiga marufuku kilio nyumbani mwake. Mavyaa ni mama wa mume, kwa nyinyi ambao siku hizi mnaita kila mtu mama mkwe. Tarishi wa serikali alitufikia Likoni, akavua kofia, akatuambia kwamba mume wangu hajulikani aliko: kikosi chao kule Bama, kwenye vita vya Mjapani, kilivuka mto, na ng'ambo ya pili yeye hakuonekana. Nilifungua kinywa. Kabla sauti haijatoka, mavyaa aliniziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa akikuna nazi, na kiganja kilikuwa na chicha. "Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti," akaniambia. "Bwana huyu amesema hajulikani aliko. Hakusema amekufa. Nyamaza." Nikanyamaza na chicha midomoni, na tarishi akavaa kofia yake akaenda zake.

Mume wangu alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa karibu na feri, kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni, na watu walivuka kutoka kisiwani kuja kunyolewa naye, wakiwapita vinyozi wa mjini wenye viti vya kuzunguka. Hakuwa na haraka. Mteja akitaka kuinuka mapema, alimrudisha kitini kwa kidole kimoja begani. Na alikuwa na desturi yake: akimaliza upande mmoja wa kichwa humgonga mtu sikio kwa kitana, polepole, kama abishaye hodi kwenye upande wa pili, kisha humpuliza nywele shingoni. Watoto walikuwa wakimwiga njiani. Alijiandikisha uaskari kwa sababu rafiki zake walijiandikisha, na siku ya kuniaga alinitania kwamba jeshini nako kuna vichwa. Tulikuwa hatujakaa sana katika ndoa. Hata mtoto hatukuwa tumejaliwa.

Basi nyumba ile ikawa na sheria zake. Chakula chake kilipakuliwa kila mchana kikafunikwa kawa, na jioni tukakila sisi wenyewe, na mtu asiseme neno. Jirani akija na uso wa pole hukaribishwa, hupewa kahawa, na akianza tu kusema Mungu awape subira, mavyaa humwuliza, subira ya nini? Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja, lakini nitasema kweli, siku zile nilimchukia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wa mbali walikuwa tayari mlangoni kwetu. Mfiwa ni mimi, na mimi nimezibwa mdomo.

Sikutaka mume mwingine. Watu hudhani mwanamke kijana akiachwa peke yake hana analowaza ila mume. Nilitaka kulia. Nilitaka kukaa eda kama wenzangu waliofiwa, miezi minne na siku kumi, bila wanja wala marashi, watu waje waniambie makiwa, nami niwajibu tunayo. Nilitaka niulizwe alikuwa mtu wa namna gani, nami niseme mpaka nichoke. Mke wa aliyepotea si mke wala si mjane. Hakuna anayekuuliza kitu, kwa kuwa hakuna anayejua aseme alikuwa au aseme yuko.

Aliyenipeleka sinema ni yeye mwenyewe mavyaa. Msistaajabu. Hoja yake ilikuwa hivi: mwanamke aliye edani hatoki nyumbani, kwa hiyo mwanamke asiyetoka nyumbani atadhaniwa yuko edani. Mke wa mtu aliye hai hutoka, akatembea, akaonekana. "Vaa buibui lako uende na shoga yako," aliniambia, "mukaangalie hayo mapicha." Shoga yangu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mkubwa wa mwili na wa mdomo, ambaye hakuna picha iliyoletwa mjini asiione.

Kisiwani kulikuwa na ukumbi uliowaonyesha picha wanawake peke yao mara moja kwa wiki, mchana. Wanaume walikuwa wawili tu, mzee wa mlangoni na yule wa mtambo aliyejificha katika tundu lake. Wanawake wa Kihindi walikaa mbele, sisi nyuma, kila mtu na karanga zake na mtoto mapajani. Picha zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hatukijui. Kila safu ilikuwa na mfasiri wake aliyejiteua, na wafasiri hawakupatana. Shoga yangu akisema yule mzee ni babake msichana, safu ya nyuma husema ni mumewe, na ugomvi huzuka mpaka wa mbele wakageuka kutunyamazisha. Lakini ilipofika saa ya kulia hapakuwa na haja ya mfasiri. Mwanamke anafukuzwa, mvua inanyesha, mlango unafungwa. Au mama anamkabidhi mtoto kwa watu, akabaki kumtazama anavyochukuliwa. Kwanza unasikia mmoja anavuta kamasi. Kisha safu nzima. Kisha ukumbi wote, Wahindi kwa Waswahili, na yule mzee wa mlangoni huenda akasimama nje.

Siku ya kwanza nililia mpaka buibui likalowa kifuani. Shoga yangu alinisukuma kwa kiwiko. "Polepole bibi," akaninong'oneza, "bado kuna nusu ya pili." Kisha akanipa ncha ya leso yake.

Wajukuu zangu, wa kwa mume wa baadaye, hunicheka nikiwasimulia. Bibi, wanasema, unamlilia mwanamke wa kitambaani, na yeye jioni ile ile anakula pilau kwao Bombei? Nawaambia nyinyi mna shule nyingi lakini hamjakaa kizani na wanawake. Mimi nimekaa. Nimewasikiliza wakilia wiki baada ya wiki, na sijapata kumsikia hata mmoja anayemlilia yule wa kitambaani. Shoga yangu hakuwa akilia kwa biharusi wala kwa mzee kipofu. Yeye alingoja mtoto mgonjwa. Mtoto akilazwa tu kitandani, shoga ameanza, daktari hajaingia bado, kwa sababu alizika mtoto aliyekufa kwa homa na mumewe akamwambia asipige kelele, Mungu atawapa mwingine. Mwingine hakuja. Mwanamke mmoja wa Kisauni tuliyezoea kukaa naye alikuwa akilia mahali pasipo na la kuliza: watu wamekaa jamvini wanakula, wanacheka, na yeye machozi yanamtiririka. Sikumwuliza. Pale hakuulizwi mtu. Picha ni kisingizio, na kisingizio ni kitu kikubwa kwa asiye na ruhusa.

Ndiyo maana siku hizi nikiona picha inayojitahidi kuniliza, muziki juu ya muziki, uso mkubwa umejaa chozi, mimi huinuka nikachemsha chai. Huyo analia mwenyewe, ananitakia nini mimi? Zile zilizotutoa machozi kweli zilituachia nafasi ya kuingiza wetu.

Nikirudi, mavyaa alinitazama macho. Yalikuwa mekundu kama ya mla pilipili.

"Umelia?"

"Ni picha, mama."

"Picha sawa," akasema, akageukia jiko lake.

Kumlilia mtu wa picha hakumwitii mtu mauti, kwa kuwa huyo hakuwako hata afe. Nikaenda kila wiki. Nikamlilia mume wangu kwa jina la mabinti wa Kihindi, na nikirudi nikakifunua chakula chake nikala.

Vita vikaisha. Waliokuwa hai wakaanza kurudi kwa meli, na kila ikisemwa meli imeingia Kilindini mavyaa alipanda feri, akasimama nje ya geti la bandari akitazama nyuso. Hakunichukua. Alirudi jioni akaniambia bado, basi. Ilisemekana wengine wako Bara Hindi mahospitalini, hawajapata meli, na hilo lilimtosha kushikilia.

Mmoja wa waliorudi alikuwa kijana wa Kidigo, wa hapa hapa Likoni, aliyekuwa kikosi kimoja na mume wangu. Alikuja kutuamkia. Akasema mashua yao ilipigwa katikati ya mto. Alimwona mume wangu akiingia majini, hakumwona akitoka.

"Uliiona maiti yake?" mavyaa akamwuliza.

"La, mama."

"Basi kunywa chai yako."

Kijana akanywa chai yake huku akilia ndani ya kikombe. Mavyaa hakumkataza, kwa kuwa hakuwa mtu wa nyumba ile.

Baba yangu aliposikia hayo alikuja kutoka Mtongwe, amechoka kuniona ninavyonyauka, akaipeleka kesi kwa kadhi. Kadhi alikuwa mtu mpole mwenye kusikiliza. Alimhoji yule askari, akatazama karatasi ya serikali, akasema kwa aonavyo yeye mtu huyu amekufa, ila hukumu ya namna hii haiharakishwi. Atasubiri Ramadhani ipite. Kama halikuja jipya, baada ya Idi atahukumu kifo, nami niingie eda. Nilirudi nyumbani nimepata nguvu, nikafagia ua wote. Mavyaa hakusema nami siku nzima.

Jipya likaja, na likaja kwa lori.

Serikali ilikuwa na lori la sinema lililozunguka kuwafunza watu mambo. Ilikuwa bado Shaabani lilipofika Likoni. Wakatundika shuka jeupe uwanjani baina ya milingoti miwili, na ilipokwisha swala ya magharibi watu walijaa, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo, hata ambao hawajakanyaga ukumbi wa sinema maisha yao. Mavyaa alikuwa mmoja wa hao. Alikuja kwa kuwa ni bure, na kwa kuwa aliambiwa kutakuwa na picha za askari. Tukakaa mkekani, yeye, mimi na shoga yangu.

Mtangazaji akashika kipaza sauti. "Hawa ndio vijana wetu kule Bama," akasema, "wazima wa afya na wenye furaha." Vita vilikuwa vimekwisha, lakini ndiyo maneno aliyopewa ayaseme, naye aliyasema. Tukaona askari wakipita matopeni. Tukaona wakigawiwa chakula. Kisha ukaja mti mkubwa, chini yake sanduku, na juu ya sanduku amekaa askari ambaye kichwa chake upande mmoja kimenyolewa kinang'aa, upande wa pili nywele tele. Nyuma yake amesimama mume wangu na wembe.

Nilimjua kabla hajainua uso. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Akamgonga yule askari sikio kwa kitana, akampuliza shingoni, akageuka akatutazama Likoni nzima, akacheka. Hapo akapita mtu na sufuria, na mume wangu akawa hayupo.

Mavyaa aliinuka. Hakupiga ukelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeitika aliyeitwa, "Mwanangu huyo." Uwanja mzima ukasimama. Nani Likoni hakumjua? Wanaume wengi waliokuwa pale walikuwa wamepita mikononi mwake. Wakamwita kwa jina, wakakumbatiana, watu wazima wakalia hadharani. Shoga yangu alilia, hali hapakuwa na mtoto mgonjwa. Katika picha zote nilizoziona, hiyo ndiyo iliyoliza watu wengi zaidi, na ilikuwa picha ya mtu anacheka. Mimi sikulia. Mimi niliyekuwa nikiwalilia wageni kila wiki nilibaki mkekani na macho makavu, na nilichokuwa nacho, nawaambia wazi, kilikuwa hofu. Nilikuwa nimemwona mume wangu, na papo hapo nilijua wamenipokonya eda yangu.

Kesho yake Likoni ilihamia kwa kadhi. Watu wa makamo, wenye kuswali safu ya mbele, waliapa kwamba wamemwona kwa macho yao, mzima. Kadhi hakuwa mjinga. Alituma mtu kwa wenye lori awaulize picha ile ilipigwa lini. Mtangazaji akajibu kwamba yeye hupewa mikebe yenye ukanda wa picha akaambiwa azungushe, hakuambiwa ni ya lini.

"Shekhe, picha hiyo ni ya kabla ya mto," baba yangu akasema.

"Huenda," kadhi akajibu. "Na huenda ni ya baada." Kisha akanigeukia mimi niliyekaa nyuma ya pazia. "Mwanangu, wewe ndiye mkewe. Je, ni yeye?"

Nilijua nikisema siye, mambo yamekwisha. Nani atashindana na mke juu ya sura ya mumewe? Wale wengine wangesema labda kiza, labda umbali, labda tumemfananisha tu, na mimi ningerudi nyumbani nikalie. Baba yangu alikuwa anasugua magoti yake, nikajua anavyoniombea niseme siye. Lakini nilikuwa nimemwona anabisha hodi sikioni mwa yule mtu. Miaka yote ile sijamtia machoni, na siku niliyomtia nimkane mbele ya kadhi? Sikuweza. Wallahi nilijaribu na ulimi ulikataa.

"Ndiye," nikasema.

Kadhi akashusha pumzi. Akasema yakini haiondoki kwa shaka: tulimjua mtu huyu yu hai kwa yakini, na kifo chake sasa kimekuwa shaka tupu. Mke abaki mke. Baba alirudi Mtongwe bila kuniaga.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza hasa. Mavyaa alifurahi kwa furaha ya kutisha. Kitanda kikasukwa upya kwa kamba mpya. Kila Alhamisi alinifukiza udi, akanitia hina miguuni na asmini nyweleni, akaniketisha chumbani kama biharusi, kwa sababu mume anayerudi safari asimkute mkewe mchafu. Nikakaa pale, maua yakininyaukia kichwani, nikisikiliza watu wakipita njiani. Asubuhi aliyatoa yaliyonyauka akasema haya, Alhamisi ijayo. Sinema ya wanawake akanikataza. Mke wa mtu anayerudi leo au kesho haendi kukaa kizani na kulia, akasema, atamletea mumewe kisirani. Kwa hiyo hata kile kisingizio nikakikosa. Nilikuwa nikienda chooni nikauma upindo wa kanga, na hata hivyo alikuja kubisha akauliza mbona nakawia.

Naye akawa anaandama lori. Aliuliza kila mtu, mabaharia wa feri, wauza mihogo, hata polisi: lori la picha liko wapi sasa? Akasikia liko Changamwe. Tukavuka feri, tukapita mjini, tukapita Makupa, tukafika Changamwe miguu imevimba, tukakaa mbele kabisa baina ya watu wa reli na wachukuzi wa bandarini. Tukangoja askari wa matopeni, tukangoja chakula, ukaja mti. Mwanawe akagonga sikio, akapuliza, akacheka, na mavyaa akacheka naye. "Amekonda," akaniambia, "lakini anacheka." Njia nzima ya kurudi alikuwa akipanga atakachompikia, samaki wa kupaka au kuku, na kama atamwalika kadhi.

Ramadhani ikaja ikapita. Idi ikapita, ile Idi niliyoahidiwa, nami nimevaa nguo mpya na wanja. Baada yake tukasikia lori liko Kisauni. Mavyaa alikuwa na dada yake huko, kwa hiyo tukaenda kwa nia ya kulala. Tulivuka feri, tukavuka na daraja la Nyali, lile la kuelea, na yeye alilipita akiwa ameshika bega langu kwa sababu alikuwa akiona kizunguzungu. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Nilikuwa sijaona mpaka nilipouhisi mkono wake.

Uwanja wa Kisauni ulikuwa umejaa. Tulikaa mbele kama desturi yake. Ulipokuja mti, mavyaa hakucheka. Nilimwona ameinama, amekunja uso kama anayetia uzi kwenye sindano. Mwanawe akagonga sikio. Akapuliza. Akageuka akacheka. Akapita mwenye sufuria. Picha ya askari ikaisha, ikaingia ile ya mwisho, ya kuchekesha, ya mtu mjinga aliyekataa kunawa mikono akaumwa na tumbo, na watu wa Kisauni wakaanza kucheka, watoto wanagaragara mchangani. Mavyaa akanishika mkono.

"Hajamaliza," akasema.

"Nini, mama?"

"Kile kichwa. Likoni kilikuwa nusu. Changamwe nusu. Leo nusu vile vile, hata unywele mmoja haujapungua." Watu walikuwa wakicheka karibu yetu, ikanibidi nisogeze sikio. "Mwanangu hajapata kumwacha mtu nusu kichwa. Siku ya harusi yenu walimwita, watu wamekaa wanamngoja, na yeye yuko kibandani anamaliza kichwa cha mchukuzi. Nilimtukana siku ile. Miezi yote hii, na kichwa kimoja hajakimaliza?"

Ningeweza kumweleza mambo ya picha, jinsi ukanda ni ule ule unaozungushwa, mimi niliyekaa ukumbini miaka. Baba alijaribu, kadhi alijaribu, na haikumwingia. Sasa amelijua mwenyewe, kwa kazi ya mwanawe. Alikaa na mkono wake juu ya wangu mpaka yule mjinga alipokubali kunawa na watu wakapiga makofi. Kisha akasema twende.

Asubuhi hakungoja chai kwa dada yake. Tulirudi, akaenda moja kwa moja kwa kadhi akiwa na vumbi la Kisauni miguuni.

"Shekhe," akasema, "nilikwambia nimemwona mwanangu. Niliona picha. Yule si mtu aliye hai."

Kadhi akamwuliza kama kuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Akasema hakuna. Walioapa wakaitwa tena mmoja mmoja, na kila mmoja akasema ikiwa mamake mwenyewe amerudi nyuma, yeye ni nani. Kadhi akahukumu kifo. Msikitini ikaswaliwa swala ya maiti asiyekuwapo, wanaume wamejipanga mbele ya mahali patupu, hakuna jeneza. Matanga yakawekwa nyumbani kwetu.

Mavyaa mwenyewe alinitoa asmini nyweleni. Alinivua bangili, akanipa kanga kuukuu, akanitandikia mkeka chumbani, akanifungulia dirisha kidogo nipate hewa. Wanawake wakajaa, wakaniambia makiwa, nikawajibu tunayo. Shoga yangu alilia kuliko wote, na kwa mara ya kwanza nilijua analia pamoja nami. Nililia mpaka sauti ikakatika. Mavyaa hakulia. Alipika, akapakua, akawanawisha watu mikono, akapokea salamu za wakubwa, uso mkavu. Nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba yule mama ana moyo wa jiwe, ndiye aliyemkataza mke wa mwanawe kilio na sasa mwenyewe hana chozi. Nilitaka kuinuka niwatukane, lakini niko edani.

Hitima ikasomwa, watu wakaondoka. Jioni ile alikuja akakaa mkekani kwangu. Nilikuwa namwona anavyojikamua, uso unakunjamana, kifua kinapanda, na hakitoki kitu.

"Haliji," akaniambia. "Nililizuia, nikalizuia. Sasa naliita haliji."

"Litakuja, mama."

"Halitakuja. Wewe umezoea. Nililie na mimi, mwanangu."

Nikaanza upya, kwa sauti ile iliyobaki. Nikamlilia mwanawe kwa niaba yake. Nikamtaja alivyokuwa akirudi jioni na nywele za watu zimemganda mikononi, alivyokuwa akilala kifudifudi kama mtoto. Yeye akawa ananiongezea, taratibu, kama anayepitisha vyombo. "Sema alivyoumwa surua." Nikasema. "Sema alivyokuwa hataki kuvaa viatu. Sema alivyoniibia sukari akaniapia." Nikayasema yote nikiyalilia, mambo ya mtoto nisiyemjua, ya miaka ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimezaliwa, na kila nililolisema yeye alitikisa kichwa, akatafuta jingine. Alipofika mwisho wa aliyoyakumbuka alinifuta uso kwa upindo wa kanga yake. Kisha akajigusa mashavu yake mwenyewe kwa vidole, akavitazama, akainuka kwenda kufunga mlango wa ua.

Alifariki kabla eda yangu haijaisha. Mpaka siku hiyo hakuwa ametoa chozi.